Moyo Unapiga Doki-doki: Namna ya Kueleza Hisia kwa Tanakali Sauti za Kijapani

Miezi yangu ya mwanzo Japani nilikuwa na maneno manne tu ya kueleza yaliyomo moyoni: ureshii, nimefurahi, kanashii, nina huzuni, kowai, naogopa, na okotte iru, nimekasirika. Nikajiona nimekamilika. Siku moja, nikiwa nasubiri kuitwa kwenye usaili wa kibarua, mwenzangu niliyekaa naye akaniuliza najisikiaje. Nikamjibu, kowai. Akageuka nyuma kuangalia ni nani anayenitisha. Nilichotaka kusema ni kwamba moyo ulikuwa unanienda mbio, na kwa hilo Mjapani hahitaji sentensi nzima. Anasema doki-doki, basi.

Mswahili hana sababu ya kulishangaa jambo hili. Sisi hatusemi tu kuwa giza lilikuwa zito, tunasema giza totoro. Mtu halowi tu, hulowa chapachapa. Akichoka sana hulala fofofo. Shuleni tuliambiwa hizo ni tanakali sauti, tukazikariri kwa ajili ya mtihani, tukazisahau. Ila tanakali zetu nyingi hukaa nje ya mtu: kitu kimeanguka pu, kimetumbukia chubwi, kimekatika kacha, shuka ni nyeupe pepepe. Tukifika kwenye hisia tunabadilisha zana, tunasema roho mkononi, donge kooni, jakamoyo, tumbojoto. Wajapani hawakubadilisha zana. Waliziacha tanakali zao ziingie mpaka uvunguni mwa moyo.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anaweza kutunga sentensi fupi za Kijapani na sasa anataka aeleweke anapozungumzia hali yake. Maneno nimeyaandika kwa herufi zetu, na yale ya lazima nimeyawekea kana, yaani herufi za sauti za Kijapani, pembeni.

Hatua ya 1: Chana daftari la safu mbili

Wengi huanza hivi: upande wa kushoto wanaandika doki-doki, upande wa kulia "hofu". Mstari wa pili hara-hara, "hofu". Wa tatu biku-biku, "hofu". Kufikia mstari wa sita wana maneno sita ya hofu na hawajui watumie lipi lini, kwa hiyo hawatumii hata moja. Na kukariri yote hakuwezekani: kamusi moja ya Kijapani ya maneno ya aina hii, iliyotoka mwaka 2007, ina maneno 4,500.

Kwa jumla Wajapani huyaita onomatope, neno walilolichukua kwenye Kifaransa. Ndani yake mwanaisimu Kindaichi Haruhiko alitenga makundi matano: sauti za vitu, sauti za watu na wanyama, hali za vitu, miondoko ya viumbe, na hisia. Kundi hilo la mwisho, gijōgo, ndilo letu hapa, ingawa mipaka yake huvuja na tutachungulia kwa majirani mara kwa mara.

Shika jambo moja tu. Maneno haya hayataji hisia. Yanaonyesha jinsi hisia inavyotembea mwilini. Kwa hiyo ukikutana na neno jipya usiulize "maana yake nini?" Uliza maswali matatu: linakaa wapi mwilini? Limekuja mara moja au linaendelea? Na hali hiyo ni ya nani, inasababishwa na nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo ya kuandika kwenye daftari.

Hatua ya 2: Sikiliza umbo kabla ya maana

Chukua mzizi doki, yaani mdundo wa moyo. Ukiusema mara mbili, doki-doki (ドキドキ), mdundo unaendelea, kama tunavyosema moyo ulidunda ndu ndu ndu. Ukiumalizia kwa mkato, dokitto (ドキッと), ni mdundo mmoja wa ghafla: mwalimu ametaja jina lako nawe hukusoma. Ukiumalizia kwa n, dokin, mdundo ni mmoja lakini unabaki ukivuma, kama ngoma iliyopigwa mara moja.

Kanuni hiyo inakutumikia kwenye mizizi mingi. Bikutto ni kushtuka mara moja mlango ukibamizwa. Biku-biku ni kuishi na mshtuko huo siku nzima. Nikotto ni tabasamu linalopita usoni na kwisha, niko-niko ni uso unaoendelea kutabasamu, nikkori ni tabasamu lililotulia likajaa uso mzima. Mwisho huo wa -ri utauona kwenye maneno mengi ya hali iliyokwisha kutua: gakkari, kuvunjika moyo, shonbori, kunyong'onyea, sukkiri, moyo kuwa mweupe baada ya kutua mzigo, unzari, kuchoshwa na jambo hadi basi.

Kuna na suala la konsonanti nzito na nyepesi. Ukibadilisha p kuwa b, k kuwa g, t kuwa d au s kuwa z, kitu kinakuwa kikubwa zaidi, kizito zaidi, mara nyingi kibaya zaidi. Machozi yakidondoka poro-poro ni matone madogo yanayoteleza moja moja. Yakidondoka boro-boro ni matone mazito, mtu amezidiwa, kamasi na kila kitu. Macho ya mtoto aliyeona keki hung'aa kira-kira. Macho ya mtu mwenye uchu wa fedha hung'aa gira-gira. Hutaambiwa haya yote na mtu kila siku, lakini ukishalizoea sikio, unaweza kulikisia neno usilowahi kulisikia na ukakaribia.

Hatua ya 3: Tamka kama wao, si kama sisi

Hapa Mswahili ana kosa lake la kuzaliwa nalo. Lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi unataka kusema doki-DO-ki. Wajapani huanza juu kisha wanashuka: DO-ki-doki, WA-ku-waku, I-ra-ira. Ukikosea utaeleweka, ila neno linapoteza uhai wake, kama mtu anayesimulia kichekesho huku akisoma karatasi.

Kuna maneno ambayo mwinuko huo wa mwanzo hupotea yakibadilika kazi. Kankan yenye mwinuko mwanzoni ni mlio wa chuma kinachogongwa. Katika kankan ni okoru, kukasirika kupita kiasi, sauti haishuki tena baada ya silabi ya kwanza.

La pili ni konsonanti zilizokazwa, kama katika hotto na bikkuri. Kiswahili hakina, lakini aliyesoma madrasa anaijua shada, naye ana mwanzo mzuri. Hotto ina mapigo matatu: ho, kimya cha pigo moja, to. Ukiliharakisha likawa hoto umesema kitu kingine, au hujasema kitu.

Na n inayosimama peke yake, kama katika shonbori, isikusumbue. Ni kama ile ya nchi, na mbele ya b hugeuka m kama ya mbu. Hesabu mapigo manne: sho-n-bo-ri. Wazungu niliosoma nao walitaabika na sauti hiyo muhula mzima, nami nikawa nafurahia kimoyomoyo.

Hatua ya 4: Jifunze kwa mafungu, na kila neno na tukio lake

Anza na fungu la wasiwasi, kwa sababu ndilo linalochanganya zaidi na ndilo utakalolihitaji wiki ya kwanza.

Fikiria mikwaju ya penalti. Mpigaji anayesogea kwenye mpira ana doki-doki: moyo ni wake, jambo ni lake. Mama yake aliye jukwaani ana hara-hara (ハラハラ). Hara-hara ni wasiwasi wa mtazamaji, wa mtu anayeona mwenzake yuko hatarini naye hana la kufanya. Mtoto akipanda mti, wewe chini una hara-hara; yeye juu pengine anaimba. Ukisema hara-hara juu ya usaili wako mwenyewe, Mjapani atadhani kuna ndugu yako anayesailiwa. (Najua unachokifikiria ukilisikia neno hilo. Halihusiani na tumbo la kuhara. Cheka mara moja, limeshaganda kichwani.)

Hiya-hiya inatokana na ubaridi. Ni ule mzizimo wa mtu aliye karibu kuumbuliwa au kuponzeka: umejaza fomu kwa uongo mdogo na ofisa anaisoma taratibu. Biku-biku ni ya aliyezoea kufokewa, simu ikiita tu anaruka. Odo-odo inaonekana kwa nje, macho yanakimbia kimbia, sauti haitoki, mgeni aliyeingia ofisi ya wakubwa. Sowa-sowa ni kutotulia: unakaa, unasimama, unachungulia dirishani, unaangalia simu. Watoto wetu usiku wa kuamkia Idi wana sowa-sowa. Kimuhemuhe kinakaribia sana hapo, tena angalia kimuhemuhe chenyewe kilivyojirudia, kama kichefuchefu, kiherehere na wasiwasi. Hayo ndiyo maneno yetu ya hisia yaliyo karibu zaidi na ya kwao, hatukuyapa tu kazi nyingi walizoyapa wao.

Zotto ni nywele kusimama: umesikia hadithi ya kutisha, au umekumbuka kwamba ungepanda basi lile lililopinduka.

Fungu la hasira lina ngazi, na kukosea ngazi ni kujitafutia ugomvi. Ira-ira (イライラ) ni ya chini: foleni haisogei, intaneti inazunguka tu, mtu anagongagonga kalamu mezani. Ira ni neno la zamani la mwiba, na ule mmea unaowasha ngozi wanauita iragusa, jani la miiba. Kwa hiyo ira-ira ni hasira inayochoma choma kama upupu, haikati. Mutto hukaa usoni: umeambiwa neno, mdomo ukafunga, jicho likabadilika, hukujibu. Muka-muka hukaa tumboni, na hapa Kiswahili tunacho hichohicho, kichefuchefu. Mjapani hulitumia kwa chakula kilichochacha na kwa mtu aliyemchefua. Katto hukaa kichwani, damu imepanda ghafla. Utalisikia kwenye habari za polisi, mtuhumiwa akisema katto natte, yaani alipandwa na hasira hakujua afanyalo, kwa hiyo usilitanie.

Pun-pun ni hasira yenye mashavu yaliyofura, ya mtoto au mpenzi aliyesusa. Ukimwambia bosi wako kwamba ana pun-pun umemwita mtoto. Bosi aliyekasirika kweli ni kankan.

Halafu kuna piri-piri (ピリピリ). Kwa ulimi ni muwasho wa kitu kikali, kwa ngozi ni kama shoti ndogo ya umeme, na kwa hisia ni hali ya hewa ya chumba kizima: siku ya mitihani, au ofisi inayongoja kujua nani atapunguzwa kazi. Kufanana na pilipili ni sadfa tu, neno ni lao, lakini ni sadfa ya kuishukuru. Hutalisahau maisha.

Kwenye huzuni nenda polepole. Gakkari ni matumaini yaliyoanguka, lazima kuwe na kitu ulichokitarajia: Shiken ni ochite gakkari shita, nimefeli mtihani, nimevunjika moyo. Shonbori ni umbo la mtu huyo kwa nje, mabega yameshuka, anatembea akitazama ardhi. Ni neno la anayemwona zaidi kuliko la mwenyewe. Shiku-shiku ni kulia kwa sauti ya chini, na neno hilohilo ni maumivu ya tumbo yasiyo makali lakini hayaachi. Meso-meso nayo ni kulia, ila msemaji amechoshwa nako, kama tunavyosema mtu analialia. Kuyo-kuyo ni kurudia kichwani jambo lililokwisha pita, ningefanya hivi, nisingesema vile. Na kuyo-kuyo shinaide, usijitese nalo, ni moja ya pole utakazoambiwa mara nyingi zaidi.

Neno nilipendalo kuliko yote ni moya-moya (モヤモヤ). Moya ni ukungu. Umekula chakula cha jioni na rafiki, katikati akasema jambo. Halikukuumiza. Ukacheka. Kwenye treni ya kurudi unalirudia, unashuka kituo chako bado unalo, unapiga mswaki bado unalo, na mtu akikuuliza una nini utasema sina kitu. Huna hasira, huna huzuni. Una moya-moya. Kwa Kiswahili nalazimika kusimulia aya nzima kama hii. Kule nasema nandaka moya-moya suru, "sijui, moyo una ukungu", na aliye mbele yangu anamimina chai na kukaa anisikilize.

Furaha haina ugumu mwingi. Waku-waku (ワクワク), ambalo wengi hulihusisha na kitenzi cha maji kuchemka au kububujika, ni shauku ya jambo zuri linalokuja: safari kesho, mzigo uliouagiza umefika posta. Doki-doki yaweza kuwa ya heri au ya shari, waku-waku ni ya heri tu, na mara nyingi huwekwa pamoja. Uki-uki hutokana na kuelea, mtu anatembea kama miguu haigusi chini. Hotto (ホッと) ni pumzi inayokutoka ukisikia kwamba mgonjwa amefika salama. Jīn ni ujoto unaopanda taratibu kifuani na kukaribia machoni, umesoma barua ya mzazi. Kyun ni kifua kubanwa mara moja, kwa mapenzi au kwa kitoto cha paka.

Tahadhari moja kwenye tabasamu. Niko-niko ni sifa. Niya-niya ni tabasamu la mtu mwenye lake jambo, au anayemcheka mwenzake pembeni, au anayemtazama msichana kwenye treni kwa namna isiyopendeza. Niliwahi kuisifu picha ya harusi ya mtu nikasema bwana harusi ana niya-niya. Bado tunasalimiana, lakini kwa mbali.

Hatua ya 5: Lifunge neno kwenye sentensi

Njia kuu ni kitenzi suru, yaani kufanya. Karibu kila neno hapo juu hukubali: doki-doki suru, ira-ira suru, gakkari suru, hotto suru. Ukitaka kutaja kiungo, tumia ga: mune ga doki-doki suru, kifua kinadunda.

Njia ya pili ni kuliweka mbele ya kitenzi, kama sisi na lala fofofo: niko-niko warau, kutabasamu kwa uso mkunjufu, shiku-shiku naku, kulia chini chini. Hapa kuna kijineno to. Kwenye maneno yaliyojirudia unaweza kukiacha au kukiweka. Kwenye yale ya mkato na ya n hakikosi: dokitto na hotto tayari zimekimeza ndani yake, na kyun lazima iwe kyun to suru.

Njia ya tatu ni vijineno "ni" na "da", kwa hali iliyofikia mwisho wake. Kankan ni okotte iru, amekasirika vibaya. Kokoro ga boro-boro da, moyo umechakaa, umekuwa matambara. Unaona boro-boro imehama kutoka kwenye machozi ikawa uchakavu. Maneno haya yana tabia ya kuhama.

Mengine hugeuka nomino bila kuomba ruhusa. Ira-ira ga tomaranai, kero haikomi. Moya-moya ga nokoru, ukungu unabaki. Na kwenye ujumbe wa simu hutahitaji sarufi yoyote, andika ドキドキ peke yake na limetosha.

Kuhusu maandishi: kana ziko za aina mbili, katakana na hiragana. Sauti halisi huelekea kuandikwa kwa katakana, hali na hisia kwa hiragana, lakini kwenye katuni na matangazo kila mtu hufanya apendavyo. Dokidoki utaiona kwa namna zote mbili. Usipoteze usingizi.

Hatua ya 6: Hakikisha hisia ni ya nani

Kijapani hakikuruhusu kuingia kifuani mwa mtu mwingine ukatoka na habari. Ukiwa unajisema mwenyewe, ira-ira suru ni sahihi kabisa: nakereka. Ukimsema mwingine, tumia hali inayoonekana, kare wa ira-ira shite iru, yaani unaeleza unachokiona kwake. Ukiwa unakisia, ongeza mitai, "ni kama": waku-waku shite iru mitai, anaonekana ana shauku. Mswahili asemaye "fulani ana hasira" bila wasiwasi wowote atalazimika kujizoeza.

Hatua ya 7: Jua mahali pa kunyamaza

Haya ni maneno ya mdomoni, ya nyumbani, ya marafiki. Ripoti ya chuo au barua rasmi haiyataki. Badala ya doki-doki andika kinchō shite imasu, nina wahka. Badala ya hotto shimashita andika anshin shimashita, nimepata utulivu, ingawa hotto kwenye barua pepe kwa mwalimu unayemzoea haitamkera. Bikkuri, gakkari na sukkiri zimezoeleka mno hata hazihesabiwi tena kama tanakali na wengi. Mukatsuku, kitenzi kilichozaliwa na muka-muka, kiache kwa vijana.

Ila usidhani kwamba kazini hayaingii kabisa. Kwenye viwanda, maeneo ya ujenzi na hospitali za Japani kuna kitu kinaitwa hiyari-hatto (ヒヤリ・ハット). Hiyari ni ule mzizimo wa ubaridi, hatto ni kushtuka pumzi ikakatika. Pamoja yana maana ya ajali iliyokosakosa: nyundo imedondoka ikapita sentimita chache na kichwa, muuguzi ameshika dawa ya mgonjwa mwingine akagundua kabla hajaitoa. Hakuna aliyeumia, lakini mfanyakazi hutakiwa kuiandikia ripoti ili kosa lisirudiwe likaua. Kwa hiyo ukipata kazi kule utajaza fomu rasmi yenye tanakali sauti mbili kwenye kichwa chake, na hakuna atakayecheka. Wazo lake ni la maana sana kiutendaji: ule mshtuko wa sekunde moja, ambao sisi tungesema "alhamdulillahi" tukaendelea na kazi, wenyewe wanauhesabu kuwa taarifa.

Ukienda kwa daktari vilevile usiogope kuyatumia, yeye mwenyewe atakuuliza maumivu ni ya namna gani. Kichwa kinachogonga kama nyundo ni gan-gan, kidonda kinachofukuta kwa mapigo ni zuki-zuki, tumbo linalosokotwa ni kiri-kiri. Hilo la mwisho husemwa hata kwa tumbo linalosokotwa na mawazo, i ga kiri-kiri suru, kwa hiyo ukilisema jiandae kuulizwa habari za kazini.

Hatua ya 8: Daftari la siku saba

Chukua neno moja kwa siku, si zaidi. Kila usiku andika tukio lako halisi la siku hiyo kwa Kiswahili, mistari miwili, kisha umalizie na sentensi moja ya Kijapani. Usiandike tukio la kubuni. Neno hukaa kwa sababu lina mahali pa kukaa. Langu la wiki ya kwanza bado ninalo. Jumatatu: nimekosa basi kwa hatua tatu, dereva ameniona, akaondoka. Mutto shita. Jumatano: nimempigia mama, simu haikupokelewa mara nne, ya tano akapokea, alikuwa sokoni. Hotto shita. Ijumaa ukurasa una neno moja, kuyo-kuyo, na sikuandika tukio.

Wiki ya pili soma katuni, kurasa tano tu kwa siku, lakini zisome kwa sauti pamoja na yale maandishi makubwa yaliyochorwa nje ya viputo vya maneno. Humo utakutana na shīn, sauti ya ukimya, ambayo ni jii yetu ya kimya jii, na gān, mshindo wa mtu aliyepokea habari mbaya. Funika maandishi kwa kidole, tazama uso wa mhusika, kisia, kisha ondoa kidole.

Na siku utakapokuwa na hali usiyoijua jina lake, weka mkono pale inapokaa, kifuani, tumboni au kooni, eleza kilichotokea kwa maneno machache uliyonayo, kisha uliza: kō iu toki, nan to iimasu ka, wakati kama huu husemwaje? Uliza watu wawili. Mara nyingine watakupa maneno mawili tofauti, na wataanza kubishana wao kwa wao mbele yako. Andika yote mawili.